Bado Si Yako

"Iondoe hapo," mwoka mikate alisema, "itaingia kwenye donge."

Binti yake akaiokota kadi ya benki mezani, akaipangusa unga kwa ncha ya mtandio. Kwenye kona, mashine ya kukandia ilikuwa imekufa, tumbo wazi, na fundi alishanawa mikono. Mzee alikuwa akikanda kwa viganja, na kila alipolisukuma donge vifundo vya mikono vilimwuma mpaka akakunja uso. Akiendelea hivi hamalizi mwezi. Mwenye nyumba alishamleta muuza simu kuja kukipima chumba.

"Ni kadi ya mkopo, baba. Naipitisha mara moja, kesho mashine iko hapa. Nitalipa kabla ya tarehe, hakuna riba."

"Na ukichelewa?"

Binti akaigeuza kadi mkononi. Kazi yake ilikuwa benki, alijua kilichoandikwa. "Kuna nyongeza."

"Basi umeshaikubali hata kabla hujachelewa. Mkate huu ndio niliowalea nao, mwanangu. Siwezi kuuchanganyia riba uzeeni. Bora nifunge."

Alilisema hilo kijasiri, lakini moyo ulimwuma. Maisha yake yote yalikuwa chumba kile. Pale dirishani mkewe aliuza vyombo vya nyumbani huku mikate ikiiva, akibishana na wateja na kucheka kicheko kilichosikika hadi mtaa wa pili. Jinsi alivyokikosa kicheko kile!

"Basi tufanye kama mama," binti akasema.

Mzee akaacha kukanda. "Mama yako hakuwa na kadi."

"Hakuwa nayo. Lakini mtu akitaka sufuria ya kulipa kidogo kidogo, na mama hana, alifanyaje?"

Angesahau vipi! Marehemu hakukubali kuuza kitu kisichokuwa mkononi mwake. "Ngoja kwanza," alimwambia mteja, akaenda kukinunua, akakibeba mwenyewe, akakiweka ndani. Hapo ndipo alipotaja bei, faida yake ikiwa wazi, na bei ile haikupanda hata mteja akisuasua. Mtaa mzima ulimwita Mama Ngoja. Safari moja kioo kikubwa kilimpasukia ukutani kabla hajakiuza. Akafagia vipande, akanuna, hakumdai mtu.

"Benki ina njia ya namna hiyo," binti alieleza. "Inainunua mashine, inakuwa mali yake, kisha inakuuzia kwa bei moja isiyopanda."

"Riba iliyobadilishwa jina hiyo."

"Ikiishia kwenye karatasi tu, kweli. Ndiyo maana nataka uje uione."

Akaenda, akinung'unika njia nzima. Mashine ilikuwa uani nyuma ya benki, ndiyo kwanza imeshushwa. Binti alikuwa ameng'ang'ania iletwe pale, na wenzake walichungulia dirishani wakichekeana. Mzee akaizunguka kama anayeposa.

Ghafla mvua ikashuka. Mzee akavua koti, akairukia mashine kuifunika.

"Usiiguse!" Binti alimkinga kwa mkono.

"Una wazimu? Mota italowa!"

"Bado si yako, baba. Ikiharibika ni hasara yetu sisi. Ngoja kwanza!"

Mzee akasimama na koti mkononi, mvua ikimpiga kipara. Sauti ile! Na mkono ule uliobaki kiunoni, na kidevu kilichoinuliwa! Alidhani alivizika pamoja na mkewe. Wafanyakazi wa benki wakatoka mbio na turubai, hawacheki tena, wakaifunika mali yao. Mzee akalia waziwazi, na alipoulizwa akaisingizia mvua.

Mota ikajaribiwa, ikakutwa nzima. Ndipo wakauziana.

Asubuhi ya kwanza mashine ilipozunguka, binti alipita na koti lake jeusi la kazini, akala mkate wa moto amesimama, akijiunguza vidole. Baba akaacha kunyunyiza unga mezani. Akampigapiga mgongoni, taratibu.

"Haya nenda, utachelewa."

Akamsindikiza kwa macho. Katikati ya koti lile jeusi kilikuwa kimebaki kiganja chake cha unga, cheupe, na vidole vyote vitano. Alifungua kinywa amwite, kisha akakifunga, akamwacha aende nacho.