Nyumba Yangu Barabara

Mwanakombo analala ameketi, paji la uso juu ya kinanda, nyuma ya pazia la ukumbi mmoja wa Tanga, kwa hasira tupu. Onyesho ni alasiri hii. Ndiye aliyetunga wimbo wa katuni ya kobe fundi, ule ambao kila mtoto mjini anaujua, na sasa katuni imegeuzwa mchezo wa jukwaani na watoto bado wanaukosea. Kobe akimaliza kujenga huimba Nyumba yangu barabara, yaani imekaa sawasawa, ba-RA-ba-ra. Wao wanapandisha sauti mbele kidogo, ba-ra-BA-ra, nyumba yangu njia ya magari! Amemkaripia Zulfa, binti wa kaka yake, anayecheza kobe, amemkaripia mpaka mtoto kanuna, hataki kuimba kabisa, na bila kobe hakuna onyesho.

Kinanda kinalia chini ya paji lake, sauti moja ndefu, na sauti ile inakuwa barabara. Anaikanyaga. Ni ya vumbi jekundu, inapinda na kurudi pale pale, na mbele yake anatembea mtu aliyevaa gamba la maboksi, lile lile alilolishona yeye, ila chini ya kofia ya kobe hamna uso, pamelainika kama unga uliosawazishwa kwa kiganja. Zulfa yuko wapi, anauliza Mwanakombo. Kitendawili, anajibu yule. Sina muda wa vitendawili mie, watu wanakuja. Kitendawili! Haya, tega, tega basi, ushanichosha. Nina nyumba, majirani zangu wote wageni. Gesti, anasema Mwanakombo. Siyo. Hospitali. Siyo, nipe mji. Ndiyo desturi, aliyeshindwa hutoa mji, basi anampa Pangani, na Pangani inatokea kando ya njia, kichwa chini kama kivuli chake majini, na watu wake wote wanaimba wimbo wake, akina mama, askari, muuza kahawa, wote ba-ra-BA-ra. RA, anawapigia kelele, RA, wapandisheni sauti kwenye RA! Wanamtazama kwa huruma, kisha mji unajikunja kama mkeka na kuingia ndani ya gamba. Anajaribu soko, anajaribu stendi, anatoa Muheza, anatoa Korogwe, na kila mji unamwimbia kwa makosa yale yale na kutoweka, na njia inarefuka, na koo linamkauka kwa kusahihisha watu wasiosahihishika. Nipe Tanga, anasema yule. Tanga siitoi, Zulfa yumo. Basi jibu. Mwanakombo anataka kulia, anataka kuling'oa lile gamba na kulichana. Ndipo anapomkumbuka Zulfa kwenye mazoezi, kabla hajanyamaza, akisema lakini shangazi, kobe si anatembea na nyumba yake, na yeye akimkata kauli, imba kama nilivyoandika. Barabara, anasema shingo upande, ba-ra-BA-ra, na inamuuma kulitamka. Asiye na uso anapiga makofi. Barabara, anasema, ba-RA-ba-ra, kama lilivyoandikwa, wa kwanza kulipatia katika nchi ile nzima.

Anatikiswa bega. Shangazi, watu wamejaa. Ni Zulfa, na gamba mgongoni. Mwanakombo anamshika mikono yote miwili. Nisamehe mwanangu, imba unavyoimba wewe. Kweli? Kweli, nyumba yake ndiyo hiyo barabara, nilikuwa sisikii tu. Zulfa anacheka na kuvuta kofia ya kobe mpaka kidevuni. Nje ya pazia watoto wameshaanza kuuimba bila kungojea mtu. Mwanakombo anainama kutafuta viatu vyake na kuvikuta vimejaa vumbi jekundu, naye tangu asubuhi hajatoka nje ya ukumbi. Zulfa, anaita, hapa ni Tanga kweli? Kobe anageuka, uso hauonekani. Barabara, anajibu, na kwa kelele za watu Mwanakombo hasikii sauti imepanda wapi.