Tupilak wa Jino la Nyangumi

Utuaq alitaka bunduki. Yake ilipasuka majira ya baridi, na mwindaji asiye na bunduki pale Ammassalik, pwani ya barafu, hula kwa kuombaomba. Meli ijayo mara moja kwa mwaka ilikuwa imetia nanga. Terkelsen, mkusanyaji wa vinyago kutoka Denmark, alikaa ufukoni na bunduki mpya ya kubadilishana mapajani. Alikuwa ameijaza risasi na kumwangusha shakwe mmoja ili watu waone.

Utuaq akamkabidhi kinyago cha tupilak, zimwi la kutumwa kuua. Alikichonga kwa jino la nyangumi: meno nje, mbavu za kuhesabika, mkia umechongoka kama sindano. Terkelsen akakigeuza, akapiga miayo. Akasema kupitia kwa Isak, mkalimani, kwamba vya kuchezea anavyo sanduku zima. Yeye anatafuta kilichoua.

Hapo tamaa ikamponza Utuaq.

"Hiki kimeua," akasema. "Nilikituma mimi. Ndicho kilichomzamisha Pualu."

Pualu alikuwa kaka wa mkewe, Maline. Kayaki yake, mtumbwi wa ngozi, ilikutwa tupu mwaka juzi, bahari imetulia tuli. Utuaq alimlilia kwa dhati, na jina lake lilimjia mdomoni kwa kuwa lilikuwa karibu, basi. Mpumbavu yule! Alikuwa akimtazama mnunuzi tu, akasahau masikio yaliyojaa ufukoni. Tangu zamani, tupilak likimgeukia aliyelitengeneza, yeye hujiokoa kwa kukiri mbele ya watu. Neno kama hilo hakuna anayelitamka kwa mzaha.

Ajuku, mdogo wake Pualu, alikuwa hatua kumi pembeni akichuna sili. Akainuka na kisu chake, damu hadi viwikoni.

"Rudia, shemeji."

"Nilikuwa nauza tu, Ajuku. Ni uongo."

"Miaka miwili tunamlilia pamoja, na sasa unakula kwangu."

Kisu kilimpasua Utuaq shavu, kikarudi kikamwingia begani. Terkelsen aliruka nyuma, kinyago na bunduki vikamponyoka. Wale wawili wakaanguka juu ya matumbo ya sili, wakiumana na kupigana vichwa. Isak alimshika Ajuku mguu, akala teke la mdomo. Ajuku akamkalia Utuaq kifuani, akainua kisu kwa mikono miwili. Mkono wa Utuaq ukapapasa mawe, ukapata kitu kigumu, ukakisukuma juu kwa nguvu zote. Mkia wa kinyago ulizama shingoni mwa Ajuku. Akakoroma kidogo, akamlalia shemeji yake, akanyamaza.

Utuaq alijikwamua akilia kwa sauti. Terkelsen alimnong'oneza Isak, naye akatema damu kabla ya kutafsiri.

"Anakitaka. Anasema usikifute."

Maline alikuwa amekwisha kufika, maneno ya mumewe ameshayasikia.

"Ni wewe uliyemuua Pualu?"

"Hapana, Maline. Hilo nilidanganya."

Maline akamtazama Ajuku, akakitazama kinyago kilichosimama shingoni mwake. Kisha akainama, akaiokota bunduki. Utuaq hakujaribu kukimbia.