Nyama ya Bega ya Mama Taratibu

Fundi aliingia buchani Ijumaa jioni kununua nusu kilo ya maini kama kawaida yake, akatoka na pande la nyama ya bega la kilo mbili na nusu, na aliyemponza alikuwa mwenye bucha mwenyewe.

"Mama mkwe wako simwoni siku hizi," alisema huku akinoa kisu.

Fundi hakumsahihisha. Ilikuwa imepita miaka mitatu tangu aachane na mumewe, na mwenye bucha alilijua hilo vizuri, ila mdomo wake ulishazoea. Miaka tisa aliwauzia wanawake wale wawili wakiwa wamesimama bega kwa bega mbele ya kaunta yake, wakibishania mafuta.

"Si mzima?"

"Mzima wa afya. Meno ndiyo yamemkimbia. Siku hizi anayekuja ni yule dada wa duka la dawa, yule mke wa... yule wa pale nyumbani. Kila wiki nyama ya kusaga. Nikamuuliza, leo tena ya kusaga? Akaniambia mama hawezi kutafuna."

"Mama Taratibu anakula nyama ya kusaga?"

"Ndiyo hivyo. Nami nilishangaa."

Mtu ambaye hakumjua yule mama asingeona ajabu yoyote. Lakini Fundi alikumbuka mama huyo alivyokuwa akipita mbele ya mashine ya kusagia nyama huku amegeuza uso, kama anayempita mtu aliyemkosea. Nyama ya kusaga, alikuwa akisema, ni nyama iliyokata tamaa. Jina la Mama Taratibu alipewa na majirani wa ghorofani kwa sababu hilo ndilo neno alilokiambia kila kitu: watoto ngazini, maji yanayochemka, hata lifti ilipokuwa bado inafanya kazi.

"Hayo maini yaache," Fundi alisema. "Nikatie bega."

Alifika kwake, akaliweka lile pande mezani, akalitazama. Alikuwa mshona mapazia. Mikono yake ilijua kupima dirisha kwa macho, lakini sufuria yake kubwa kuliko zote haikuwa imeteremshwa kabatini tangu ahamie vyumba vile viwili. Mtu anayeishi peke yake hapiki bega la ng'ombe. Hukaanga yai, huchemsha viazi, mambo yakaisha.

Kuachana kwao hakukuwa na kelele. Yeye na mumewe waliishiwa maneno kidogo kidogo, hadi ikawa wanaulizana chumvi iko wapi na gesi itaisha lini, basi. Siku moja mume akasema tumechokana, naye akajibu ni kweli, na wote wawili wakalala vizuri usiku ule kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Hakuna aliyerusha hata kijiko. Ila wiki aliyohama, Mama Taratibu alikuwa kwa dada yake aliyekuwa amevunjika mguu, kwa hiyo hawakuagana. Fundi alisema moyoni atampigia simu wiki itakayofuata. Wiki ilipofika akashika simu, akajiuliza ataanza vipi. Mimi ni nani wako sasa? Akairudisha mezani. Wiki zikawa miezi, na simu ya kule nayo haikulia, akaona basi, mama amesimama na mwanawe, na ni haki yake.

Jumamosi jioni aliipaka nyama chumvi na pilipili manga, akaifunika. Jumapili asubuhi akaifuta maji kwa kitambaa kikavu na kuifunga kwa uzi mweupe wa pamba aliotoka nao kazini, mizunguko mitano, ikakaa umbo la mto mdogo. Sufuria ilipopata moto akamimina mafuta, akailaza nyama ndani. Ilipiga kelele. Mkono wake ukaenda kuigeuza, ukasita, kwa maana aliisikia sauti ya Mama Taratibu kama vile mwenyewe yuko nyuma yake: iache. Ikiwa bado inashika sufuria, haijawa tayari. Ikiiva upande huo itakuachia yenyewe.

Akaiacha. Baada ya muda ikaachia kweli, upande wake umekuwa wa kahawia nzito. Akageuza pande zote, hata zile ncha mbili, kisha akaitoa na kuiweka kwenye sahani.

Vitunguu vilikuwa vinane. Alivikata duara nene, machozi yakimtiririka, na kwa kuwa vitunguu vilikuwepo hakulazimika kujiuliza ni machozi ya nini. Akavimwaga katika yale mafuta ya nyama, akakoroga, vikalegea, vikageuka rangi. Akatia vitunguu saumu, kikombe kimoja cha maji, si zaidi, maana vitunguu vina maji yao. Akairudisha nyama juu yake, akafunika, akapunguza moto mpaka ukabaki mstari wa buluu. Ilikuwa saa tatu na nusu. Alihesabu kwa vidole: saa saba na nusu.

Akavuta kigoda karibu na jiko, akachukua pazia la mteja na kuanza kupinda ukingo kwa mkono.

Harufu haikuja mara moja. Kwanza ilikuwa ya mafuta tu. Saa moja baadaye, alipofunua kuigeuza nyama, ikatoka ile yenyewe, ya kitunguu kilichokwisha ukali kikaanza utamu, na ya nyama ndani yake. Fundi akaacha sindano ikining'inia kwenye uzi. Alijua harufu ile ilikuwa na chumba chake. Ilikuwa na meza ya plastiki yenye mguu mmoja mfupi, na mwanamke mnene aliyemenya vitunguu huku amebana kijiti cha kiberiti kati ya meno, akidai kinazuia machozi, na machozi yakimtoka hivyo hivyo. Jumapili zote za miaka tisa walikaa jikoni kuanzia asubuhi. Mama Taratibu alimsimulia watu wote wa ukoo wake, nani alimkimbia nani, nani alizaliwa na vidole sita, na hadithi zile hazikuwa na mwisho kwa sababu alipofika katikati alinyanyuka kugeuza nyama. Pale jikoni ndipo Fundi, ambaye mama yake alifariki akiwa darasa la tatu, alipojifunza kukaa na mtu bila kuwa na kazi naye.

Akajaribu kumkumbuka mumewe katika Jumapili hizo. Alimpata kwa mbali, sebuleni, akikohoa, redio ikitangaza mpira. Ndipo alipoona jambo ambalo miaka mitatu alilizunguka bila kulitazama. Aliyemwacha alikuwa mume. Aliyempoteza alikuwa mwingine.

Saa saba na nusu aliibonyeza nyama kwa mgongo wa kijiko, ikatengana bila ubishi. Vitunguu vilikuwa vimeyeyuka vyote, vimekuwa mchuzi mzito wa kung'aa. Akaifunga sufuria kwa taulo mbili, akaitia kwenye kapu na kutoka kabla hajapata nafasi ya kufikiri. Ilikuwa mitaa minne na ghorofa tatu za ngazi. Kwenye kila ghorofa alipumzika, na kila alipopumzika alipata sababu ya kurudi.

Aliyefungua mlango ni mke mpya, mwembamba, amevaa miwani, mkononi ana kitabu ameweka kidole kwenye ukurasa. Wakatazamana.

"Wewe ni Fundi," mwanamke yule alisema.

"Ndiyo mimi. Samahani, sikupiga simu. Nimesikia mama hatafuni."

"Karibu, dada. Mwanawe hayupo, kazi yake imempeleka mkoani kwa wiki tatu." Alilisema haraka, kama anayemwondolea mgeni mzigo, kisha akalipokea kapu. "Zito. Na mapazia yako bado yapo, utayaona. Sikuyatoa."

Mama Taratibu alikuwa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Alikuwa amepungua, nguo imemzidi mabegani, mashavu yameingia ndani.

"Shikamoo, mama."

Yule mama alimtazama muda mrefu. "Umechelewa," alisema. Kisha, "Marahaba. Na umekonda. Huko unakula nini?"

"Mayai."

"Mayai." Akatikisa kichwa. "Miaka mitatu ya mayai."

"Nilidhani hutaki kuniona, mama."

"Nami nilingoja unipigie. Ningepiga mimi, ungesema huyu ametumwa na mwanawe kunipatanisha. Nikasema ngoja atulie, atapiga. Ukatulia moja kwa moja."

Fundi akakaa kwenye mkeka karibu na miguu yake, na mkono wa mama ukaja kichwani pake, ukakaa hapo kama kitu kilichowekwa kwa muda kisha kikasahaulika.

Mke mpya alileta sahani tatu na mkate. Mama Taratibu akakata kipande kwa kijiko, akakitia mdomoni, akafumba macho. Walimngoja.

"Chumvi sawa," alisema hatimaye. "Uzi umefunga vizuri, hilo nilijua, ni kazi yako. Vitunguu umevitilia maji mapema. Vingekaa robo saa zaidi. Ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Kuja huku."

"Basi." Akachota tena, na tena, na mchuzi akaufuata kwa mkate uliolowa. Alikula kuliko walivyomwona akila kwa muda mrefu, mke mpya alisema baadaye. Fundi alikuwa ameshutumiwa kwa vitunguu vyake na hakukumbuka lini alifurahi namna ile.

Mke mpya naye alimaliza sahani yake. "Hii hujawahi kunifundisha, mama," alisema.

"Hujawahi kuuliza."

"Niliogopa." Aliondoa miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi. "Kila Jumapili nikiingia jikoni unatazama mlango. Nilijua si mimi unayemngoja. Nikaona bora nipike ya kusaga, iishe haraka."

Mama Taratibu alitazama mikono yake. Fundi, aliyekuja na wivu wake umejificha kifuani, aliutafuta pale ulipokuwa akakuta umepungua nguvu. Aliona msichana wa miaka ishirini na kitu, anayeuza dawa siku sita, na siku ya saba anapika kwenye jiko la watu wengine.

"Nunua bega," alimwambia. "Usikubali mwenye bucha akupe paja. Jumapili ijayo nitakuja, tupike wote."

Akaja. Jumapili ile walipika watatu, mama kwenye kiti kilichosogezwa hadi mlango wa jikoni, akitoa amri kwa kijiko. Ya pili vilevile. Ya tatu yule mume alikuwepo. Alimsalimu Fundi kwa adabu, akamuuliza habari za kazi, akamsifu kuwa hakubadilika, na ilikuwa kama kuongea na mteja aliyelipa zamani. Hilo halikumuumiza. Kilichomgusa ni kwamba mama alipogawa nyama alimpa yeye kwanza, kipande cha katikati kilichojaa vitunguu, na sahani ya mke mpya ikabaki mkononi mwa mwenyewe, imenyooshwa, ikingoja. Mama hakuona. Fundi aliona, akala kipande chake chote, na hakikumpitia vizuri.

Baada ya hapo Fundi aliacha kuja Jumapili; yeye na mama walikubaliana Jumatano. Fundi hufunga kazi saa nane siku hiyo, mume na mke wako kazini, naye hukaa na mama hadi saa kumi na moja, wakanywa chai, wakaendelea na yule wa vidole sita. Jumatano si Jumapili, na wote wawili wanalijua, na hakuna anayelitaja.

Jumapili iliyofuata alipiga simu kuuliza kama bega limepatikana. Mke mpya alipokea akiwa anahema, akasema limepatikana, liko motoni tangu saa tatu, na ngoja kidogo dada, mama ananiita. Akaiweka simu mezani bila kuikata.

Fundi alisikia bomba likifunguliwa na kufungwa, kifuniko kikigonga sufuria, kiti kikiburutwa. Mama Taratibu alisema kitu ambacho hakukipata, na yule binti akacheka, kicheko cha mtu aliyejisahau. Kisha mama akaanza kusimulia. Maneno hayakusikika, ni mwendo wake tu, kupanda na kushuka. Fundi angeweza kukata. Alivuta kigoda, akaketi na simu sikioni, akasikiliza mpaka ile sauti iliponyamaza, pengine kwa sababu ilifika wakati wa kugeuza nyama.