Katuni Inaanzia Chini

Mara ya kwanza nilisema kwa upole. Ya pili kwa upole vilevile. Ya tatu nikaona kijana ananisikiliza kama mtu anayesikia redio ya jirani.

"Mjukuu wangu, hii katuni mmeisoma kichwa chini miguu juu. Mdogo wangu alianzia chini."

Tulikuwa kwenye ukumbi wa makumbusho, maonyesho ya kumbukumbu za vita yanafunguliwa kesho. Kijana ndiye mpangaji wa picha. Alikuwa juu ya ngazi, misumari kaibana kwa midomo, kwa hiyo hata jibu lilitoka nusunusu.

Katuni yenyewe ni ukanda mrefu wa karatasi ya mfuko wa saruji, visanduku vimepandana kama madirisha ya ghorofa. Mdogo wangu aliichora kwa mkaa tulipojificha stoo, bado mtoto. Aliikunja kama mkeka, akawa anafungua kidogo, anachora, anafungua tena. Basi cha kwanza kiko chini kabisa: Mama mlangoni, ndoo mkononi. Juu yake askari. Juu yao moshi. Huko kileleni kigoda cha Mama, kitupu.

Wao wakaanzia juu. Kigoda kitupu, moshi, askari, halafu Mama huyo mlangoni na ndoo yake! Na kibao wamebandika: "Mama amerudi salama."

Salama ya wapi? Mama alitoka kuteka maji, hakurudi. Hata kaburi hatuna. Sasa watoto wa shule waje hapa, waondoke wakijua alirudi?

"Bibi, wataalamu walikaa kikao," alisema kijana.

"Wakakaa na nani? Mchoraji huyu hapa, muulizeni."

Mdogo wangu, mvi tupu siku hizi, alikuwa amesimama mbele ya ukuta, kofia mkononi. Tangu vita viishe hajataja habari za Mama. Ataongea mpira, bei ya sukari, hata goti langu. Mama, hapana.

"Waambie basi," nikamhimiza.

Akasoma kutoka juu, kidole kikifuata. Alipofika kwenye ndoo akakaa hapo kitambo, kisha akarudi juu, akaanza upya.

"Iko sawa hivyo, dada."

"Sawa nini? Si ulianzia chini?"

"Nilianzia chini. Sasa nataka isomwe hivi."

"Unataka! Na mimi niliyechungulia kwenye ufa wa mlango mpaka macho yakavimba?"

"Wewe umelisema jambo hili maisha yako yote, dada. Mtaa mzima unajua. Niachie mimi ukuta mmoja tu."

Kijana akatema misumari kiganjani. "Sasa nifuate ya nani?"

"Andika hakurudi," nikasema.

"Akiandika hivyo naishusha katuni yangu," mdogo wangu akasema, na mkono kashaupeleka. Karatasi ile ukiivuta inakatika kama jani kavu. Nikamshika.

"Toa kibao," nikamwambia kijana. "Usiandike kitu."

Kikatolewa. Ndio ushindi wangu huo, ukuta usio na neno.

Kesho nakuja mapema, nakaa pale kwenye kiti cha mlinzi. Mtoto akianzia juu, namwambia aanzie chini. Mdogo wangu naye anasema atakuja, na kiti chake mwenyewe, akae upande wa pili.