Lenzi ya Mbali

"Nionyeshe pa kusaini, nisije nikasaini meza," nilimwambia mume wangu. Akacheka, akanishika mkono, akaiweka ncha ya kalamu penyewe. Nesi alikuwa ameshanitia matone ya kupanua mboni, na fomu iliyokuwa mapajani mwangu niliiona weupe mtupu. Nilisaini huku nikitaniana naye.

Mimi ni fundi saa. Kazi hii niliirithi kwa baba, pamoja na meza yake na macho yake mabovu. Tangu utotoni, mtu akisimama hatua tatu kutoka kwangu, sura yake inayeyuka. Miwani nene niliyokuwa nayo ilinisaidia kuvuka barabara tu. Mchana kutwa ilikaa kwenye droo. Lakini nikikisogeza kitu hadi puani, niliona ambayo wenye macho mazima hawayaoni bila kioo cha kukuzia: ufa kwenye jino la gurudumu, unywele uliojizungusha kwenye springi. Wateja walisema nazinusa saa. Nilijivuna, nisiseme uongo. Ubovu ule ndio uliotulisha.

Kisha ukaja mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hata karibu pakaingia ukungu. Daktari alinieleza taratibu, fundi kwa fundi. Lenzi iliyochafuka hutolewa, huwekwa nyingine ya kutengenezwa, na hiyo haibadilishwi ovyo. Ipo ya kuonea mbali, ipo ya kuonea karibu, na ipo inayogawa huku na huku, ila hiyo huzizungushia taa miduara.

"Wengi huchagua ya mbali," alisema. "Wewe je?"

"Ya karibu," nilijibu kabla hajafunga mdomo. Mume wangu, kwenye kiti cha pembeni, alisikia kila neno.

Siku ya upasuaji wa jicho la kwanza, la kulia, daktari yule alipata dharura, akaja mwingine na fomu mpya. Mume wangu akaijaza kwa niaba yangu, akinisomea mstari baada ya mstari. "Lenzi, ya karibu," alisoma, nami nikaitikia.

Kesho yake bandeji ilipotolewa, nilisoma saa ya ukutani mwisho wa ukumbi, hadi mshale wa sekunde. Nesi akapiga makofi. Nikaleta kiganja changu usoni, nikakuta bonge la nyama lisilo na mistari.

"Hapa kuna kosa," nilisema.

Nesi akafungua faili. Tiki ilikuwa kwenye mbali, na chini yake saini yangu, imepinda. "Mzee alisema umebadilisha mawazo, mama."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amesimama mlangoni, hatua kumi nzima, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu niliiona sura yake kutoka mbali bila miwani. Haikuwa na mshangao hata chembe.

Nyumbani hakukana. Hilo namsifu.

"Miaka ishirini na sita nazungumza na utosi wako," alisema. "Nikiingia, saa. Nikitoka, saa. Nilitaka uinue kichwa, uniangalie na mimi."

"Si ungeniambia?"

"Nilikwambia. Ukasema nisogee, nakuzibia mwanga."

Ilikuwa kweli, na iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Lakini ukweli huo haukumpa ruhusa ya kunishika mkono vile. Angenipigia kelele, angeivunja meza, ningemsamehe. Alinisomea uongo kwa sauti ileile aliyotumia kunisomea barua za mama yangu tangu ukungu uingie.

Miwani ya kusomea ilinipa gazeti, haikunipa skrubu ya saa. Nilijaribu kioo cha kukuzia cha baba, mikono isiyokizoea ikakataa. Skrubu iliruka kutoka kwenye kibano, nikapiga magoti kuipapasa sakafuni, nikilia kwa hasira. Alikuja kunisaidia kuitafuta. Nilimwambia atoke.

Kwa jicho la kushoto nilikwenda peke yangu. Nilimwomba nesi anisomee fomu mara mbili, kisha nikamwomba nesi mwingine.

"Huna mtu wa kukusindikiza, mama?" aliuliza huyo wa pili.

"Nilikuwa naye."

Bandeji ya pili ilipotoka, mistari ya kiganja ilikuwa palepale nilipoiacha. Wiki hiyohiyo nilimwambia mume wangu ahame.

Ni miaka minne sasa. Aliondoka asubuhi, na begi moja, nami nilisimama mlangoni. Zamani angeyeyuka hatua ya tatu, nami ningerudi ndani. Safari hii nilimwona akipita duka la viatu, nikaona kola yake imekunjika upande mmoja, nikamwona akifika kwenye kona na kugeuka. Nadhani alitaka kujua kama naangalia.

Nilikuwa naangalia. Alipopinda kona, nikarudi mezani, nikalifumba jicho la kulia, nikaendelea na kazi.