Joka la Taratibu

Mume wangu watu walimwita Taratibu, na jina lilimkaa. Kwenye foleni aliwapisha wenzake mpaka akabaki wa mwisho. Kazi yake ilikuwa kurekebisha mizani za madukani, lakini raha yake ilikuwa sanamu za plastiki: majitu, wachawi, wapiganaji wenye mapanga makubwa kuliko miili yao. Zilikuja vipande vipande, akaziunga kwa gundi na kuzipaka kwa brashi zenye nywele za kuhesabika. Shujaa wa urefu wa kidole gumba alimchukua mwezi mzima.

Kubwa kuliko zote lilikuwa joka. Likishaungwa lingefika ukubwa wa paka aliyeketi, na mabawa yake yangetanda kama mwavuli. Aliwahi kupaka bawa moja tu, la kushoto: kijani inayoelekea weusi kwenye ncha, na ukitazama huoni inapogeukia. Akalihifadhi kwenye droo yake likauke.

Vipande vingine vilitapakaa meza nzima ya chakula. Mimi ni fundi cherehani, na wiki ile nilikuwa na sare za shule za kukata. Uzalendo ukanishinda.

"Hii midoli yako itatoka lini mezani? Wewe ni mtu mzima au nini?"

Nikakusanya kila kitu ndani ya boksi, nikalipandisha stoo, juu kabisa, chini ya bati.

"Pale pana joto, mke wangu," alisema.

"Hata mimi nina joto."

Siku ya tatu yake alianguka kazini. Alilala hospitali siku tisa, na siku nyingi kati ya hizo hakuweza kuongea. Hakurudi nyumbani.

Boksi nililishusha miezi mitano baadaye, baada ya kiangazi kizima. Bawa la kulia lilikuwa limejikunja kama jani kavu. Shingo ilikuwa imelala upande.

Nikampigia wifi yangu, dada yake mkubwa. Yeye hutengeneza meno bandia, na plastiki anaijua kama mimi ninavyojua kitambaa. Alikuja Jumamosi asubuhi na begi lake la kazi, akaligeuzageuza lile bawa.

"Wifi, hii ni kazi mbovu ya kiwandani. Wameitoa kwenye kalibu ya kuumbia kabla haijapoa. Watu hawana aibu!"

Nikabandika maji jikoni.

"Ukikunja likiwa baridi, linakatika," alinieleza. "Lichovye kwenye maji ya moto mpaka lilegee, ulirudishe polepole, halafu kwenye maji baridi lishike umbo."

Shingo aliinyoosha mwenyewe, ikatii. Bawa akanipa mimi. "Una mikono ya sindano. Jaribu."

Nililichovya, nikalitoa mapema mno. Nikakunja. Likalia ka! Nikabaki na vipande viwili mkononi.

"Usijilaumu," wifi alisema. "Kosa ni la kiwanda."

"Si la kiwanda, wifi." Nikamweleza yote: meza, stoo, bati, na maneno niliyomtupia ndugu yake.

Akajifuta mikono kwa taulo, kidole kimoja kimoja.

"Alikuwa mgonjwa," alisema.

"Sikujua."

"Hata mimi sikujua. Lakini mimi sikumfokea."

Akafunga begi, akaondoka.

Jumamosi mbili zikapita kimya. Nilijaribu kuliunga bawa kwa gundi peke yake, likashika kwa nusu saa, kisha likaanguka kwa uzito wake. Kulia nililia siku hiyo, nimekaa sakafuni jikoni. Msibani sikuweza, watu walinisifu kwamba nina moyo.

Jumamosi ya tatu mlango uligongwa.

"Sijaja kuongea," wifi alisema. "Nimekuja kutoboa."

Alikuwa na keekee ndogo ya mkono, nyembamba kama sindano. Akatoboa tundu kila upande wa ule mkatiko, akapitisha kipande cha waya, akatia gundi, tukaziba ufa kwa udongo laini anaotumia kazini. Mimi nilishika, yeye akapiga msasa. Alianza kusema bila kuinua macho.

"Nilikudanganya. Siku ya pili pale hospitali, wewe umekwenda kuoga, aliniuliza kama boksi limeshushwa. Nikamwambia aache utoto, apumzike. Nilimwambia kwa sauti ya juu, wifi. Mpaka nesi akageuka."

Nikamshika mkono wenye msasa.

Ikabaki rangi. Taratibu hakuandika popote alivyoichanganya ile kijani. Mimi nilikata tamaa, lakini wifi riziki yake ni kufananisha jino jipya na la zamani. Alinisogeza dirishani, bawa la kushoto tukalitoa kwenye droo ya Taratibu, tukaliweka mbele yetu kuwa kielelezo, akawa anadondosha rangi juu ya kipande cha kigae, tone kwa tone: kijani, nyeusi kidogo, kisha kahawia ambayo nisingeiwaza. Tulipaka tabaka nyepesi, saba, kila moja ikauke kwanza. Ilituchukua Jumamosi nane kulipaka na kuliunga joka zima. Ukilisogelea sana bawa la kulia, mstari wa pale lilipokatika bado unauona.

Tulikubaliana joka likae kazini kwa wifi, kwenye dirisha la chumba cha kusubiri. Nilikwenda nalo mapajani, nimelifunga kwa kanga.

Juzi mchana akanipigia simu.

"Kuna mzee hapa ameuliza nani amelipaka. Nilianza kumjibu, wifi, nikashindwa kumaliza."

"Bado yupo?"

"Yupo. Anasubiri meno yake."

"Mwambie asubiri kidogo," nilisema, nikazima cherehani. "Nakuja kumweleza."