Nguzo Aliyoikataa Bwana Timazi

Bwana Timazi alikuwa fundi mwashi, na jina hilo la kifaa cha kunyooshea ukuta hakupewa bure: ukuta wake ulinyooka mpaka mtu akaona haya kuuegemea. Ila kiburi chake, jamani! Ukimkosoa alikusanya vifaa vyake, akaondoka, na salamu usizipate tena.

Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki, alimjua hivyo na bado akampa kazi ya kumjengea nyumba ya ghorofa. Wote wawili walikulia nyumba ya udongo na fito. Vyumba vyake vilikuwa vyembamba, maana mti una urefu wake, na mti ukiisha chumba nacho kimeisha. Zege na nondo vilipoingia, Timazi alipagawa. Sebule ya mita saba, na hakuna kitu kilichosimama katikati!

"Weka nguzo moja tu, mdogo wangu," dada alimwambia siku ya kusuka nondo. "Hapo katikati, nipate usingizi."

"Nguzo sebuleni? Dada, unajenga nyumba au soko? Siku hizi watu wanajenga kumbi nzima bila nguzo hata moja."

Watu hao walikuwa na mhandisi na boriti nene. Timazi hakutaka boriti iteremke kumharibia dari lake, na mhandisi wa nini wakati yeye yupo? Akaongeza nondo kwa kukisia, akamwaga zege. Sebule ikatoka pana, inapendeza kwelikweli, majirani wakaja kuishangaa. Dada akasema, "Hongera," akaketi karibu na mlango.

Miaka minne baadaye Timazi alipita kumsalimia dada, akakuta fundi mwingine amepiga dari la jasi chini ya zege lake lote. Hakuambiwa, hakuulizwa.

"Kazi yangu imekuchosha macho?"

"Keti kwanza, nikueleze."

Aketi wapi! Alitoka mbio, na kwa miaka sita dada akapiga simu, akatuma watu, yeye amenuna tu. Hata dada alipofariki, siku ya maziko alibaki uani na wanaume wenzake, sebuleni hakutia mguu.

Sasa mpwa wake, binti pekee wa marehemu, alikuwa amemwita. Nyumba ilikuwa yake, na alitaka kuhamia na watoto. Alikuwa ameegemeza ngazi chini ya kipande cha dari kilichokuwa wazi.

"Panda, Mjomba, uone mwenyewe."

Timazi akapanda. Ufa ulikuwa umekata zege katikati, na zege lenyewe limeshuka tumbo. Kando ya ufa palikuwa na vistari vya penseli, kila kimoja na tarehe yake, kwa mwandiko wa dada. Timazi mwenyewe ndiye aliyemfundisha: chora mstari ufa unapoishia, andika tarehe, ukivuka mstari ujue unatembea.

"Alikuwa anafungua hapo kila mwaka," mpwa alisema. "Wageni walikuwa wakiona ufa wanauliza fundi ni nani. Mama akaufunika. Hakutaka mtu akucheke."

Timazi akazisoma tarehe zote. Akashuka taratibu, akaketi kwenye ngazi ya chini kabisa.

"Nimemkosea dada yangu," alisema. "Nguzo aliiomba kwa mdomo wake, mimi nikamfanyia mzaha. Na aliponiita anieleze, nikamnunia."

Mpwa akauliza, "Itaokoleka? Watoto watalala humu?"

"Leo naweka mirunda ya kushikilia zege. Kesho tunamwita mhandisi, na asemalo yeye ndilo nitakalofanya. Lakini nguzo haikwepeki. Itabidi tuvunje vigae hapa katikati, tuchimbe msingi."

"Hakuna cha kuvunja, Mjomba."

Akakunja zulia. Katikati ya sebule vigae vilikuwa vimeacha mraba mmoja, saruji tupu.

"Fundi wa vigae alitaka kupaziba, Mama akamkatalia katakata. Alisema hapo ni pako, hasira zikiisha utakuja."

Timazi akapiga magoti, akatoa futi mfukoni, akapima. Sentimita thelathini kwa thelathini, kipimo kile kile alichozoea kukitumia kwa nguzo zake. Akapima tena, maana machozi yalikuwa yamemjaa na namba hazionekani.